GIZA LA KUMI LA MWISHO: NANI ANALINDA MTAA WETU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye darsa za Ramadhan, nalo ni usalama wa mtaa. Ndugu zetu walioko Uingereza wana miezi yao ya giza. Mwezi wa Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Sisi wa Nakuru hatuna miezi hiyo. Ikweta inapita hapo Mogotio, na Maghrib yetu mwaka mzima ni kwenye saa kumi na mbili unusu hivi.

Lakini giza letu tunalo, nalo linakwenda na mwezi mwandamo. Hebu fikiria. Katikati ya Ramadhan tunatoka Taraweh mbalamwezi iko juu. Likiingia kumi la mwisho, mwezi unachelewa kuchomoza, na usiku wa ishirini na saba hauuoni mpaka karibu na daku. Kwa hivyo zile siku tunazotoka kwa wingi, baba, mama na watoto, ndizo zenye giza zaidi. Nyumba inabaki tupu, na mtaa mzima unajua saa tunayotoka na saa tunayorudi. Je, mwizi hajui?

FUNGA MLANGO, KISHA TAWAKALI

Mtume (SAW) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Akatuagiza pia giza likiingia tuwazuie watoto ndani na tufunge milango. Basi acha taa ya nje ikiwaka. Tembeeni kwa vikundi, hasa stima ikipotea. Dada asirudi peke yake eti nyumbani ni hapo tu. Simu iweke mfukoni, usiiwashe njiani huku boda boda usiyemjua anakufuata nyuma. Na mulika mwizi ya mtaa ikizimika, msinung'unike tu, mpelekeeni habari mwakilishi wa wadi.

JIRANI NDIYE UKUTA

Nyumba Kumi ililetwa Kenya mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, kwa mfano wa Tanzania. Watu wengi wanaijua kwa jina tu. Nakuuliza wewe unayesoma: unawajua kwa majina watu wa nyumba kumi zinazokuzunguka?

Jirani yako huenda ni Mkristo. Saa mbili usiku wewe uko msikitini, yeye yuko kwake, anaweza kuutazama mlango wako. Saa kumi alfajiri yeye amelala fofofo, wewe uko macho unakula daku. Hapo sasa ni zamu yako kuutazama wake. Mtume (SAW) alipokana imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake, hakusema jirani Muislamu peke yake. Mpelekee sahani ya futari, mpe na namba yako ya simu.

MTOTO WA NANI?

Hapa ndipo penye uchungu. Juni 2022 wanawake kadhaa waliuawa majumbani mwao katika mtaa wa Mawanga, na mji mzima ukaingiwa na hofu. Jina la genge la Confirm likawa midomoni mwa kila mtu, na waliokamatwa walikuwa vijana. Vijana hao hawakushuka kutoka mbinguni. Wana mama, wana mtaa, wana walimu waliowafundisha kusoma. Mwanao hana kazi na kila wiki anakuja na simu mpya, nawe unanyamaza? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Muulize leo, kabla hajaulizwa na askari.

Na mwizi akikamatwa, tafadhalini, tusiwe wauaji ndani ya mwezi wa rehema. Kelele za "mwizi!" hazina shahidi wala kadhi, na wasiokuwa na hatia wamepotea hivyo hivyo. Piga 999 au 112, mwite mzee wa mtaa, mkabidhi kwa polisi.

Ndugu zangu, usiku wa Laylatul Qadr ni amani mpaka alfajiri. Basi amani hiyo jirani zetu nao waipate kupitia kwetu, wanaofunga na wasiofunga.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na ailinde miji yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.