Wazo Moja, Hatima Mbili: Mhadhara kuhusu Ujasiriamali na Benki ya Equity



Habari za wajasiriamali husimuliwa kwa namna moja: fulani alipata wazo jepesi, akajituma, akafanikiwa. Sifa zote huliendea wazo. Mimi nashikilia kwamba wazo zuri laweza kuifilisi kampuni kama linavyoweza kuikuza, na ushahidi wangu unatoka Murang'a, Kenya.

Mwaka 1984, huko Kangema, Peter Munga na wenzake walianzisha Equity Building Society, taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba. Walimlenga mkulima mdogo na mchuuzi, watu ambao benki kubwa hazikuwa na haja nao. Walikuwa sahihi kabisa kuhusu watu hao. Hata hivyo, kufikia mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya iliiona taasisi hiyo kuwa imefilisika kimahesabu. Zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Hasara zilizolimbikizwa zilifika shilingi milioni 33, ilhali mtaji uliolipwa ulikuwa milioni 3 tu.

Hapa ndipo penye elimu, nasi huparuka haraka mno. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka mingi. Akiba ya mchuuzi yaweza kudaiwa kesho asubuhi. Anayekopesha kwa muda mrefu fedha za muda mfupi hujiweka hatarini hata kama wateja wake wote ni waaminifu. Na wateja wa Equity hawakuwa wengi kiasi cha kubeba gharama za kuiendesha.

James Mwangi, mhasibu kitaaluma aliyetoka benki nyingine, alijiunga nayo katika kipindi hicho. Wateja aliowakuta hakuwaacha. Kilichobadilika ni hesabu. Mikopo ya nyumba ilipisha mikopo midogo ya muda mfupi, na juhudi kubwa ikaelekezwa katika kukusanya akiba. Wateja walipoulizwa kinachowakera, walilalamikia utitiri wa makato wasiyoyaelewa. Basi ada ya kufungua akaunti, makato ya kila mwezi na salio la chini vikaondolewa, kitambulisho kikatosha. Mapato yangetokana na ada ndogo kwa miamala mingi sana. Lakini miamala mingi haiwezekani kwa leja za mkono, kwa hiyo shughuli zikahamishiwa kwenye kompyuta. Magari yakapelekwa vijijini kwa siku maalumu yakifanya kazi ya tawi, wakati ambapo benki kubwa zilikuwa zikifunga matawi ya mashambani na kupandisha masharti ya akaunti.

Nasisitiza kwamba hatua hizi zilitegemeana. Kufuta makato bila kompyuta kungeiangamiza taasisi; kununua kompyuta bila umati wa wateja kungekuwa anasa. Ubunifu ulikuwa katika kuziunganisha, na kazi hiyo ni ya subira: kukaa na takwimu, kuwasikiliza watu kwenye foleni, kukubali kwamba bidhaa unayoipenda haimfai mteja unayempenda.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Equity ikawa benki kamili ya biashara, na mwaka 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Leo inafanya kazi pia Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa hiyo nina ombi kwa Shule ya Biashara ya chuo hiki. Mashindano yetu ya ujasiriamali humzawadia mwanafunzi mwenye wazo la kuvutia kwa maelezo ya dakika chache. Tumtake pia alete hesabu: nani atalipa, kiasi gani, mara ngapi kwa mwezi, na kumhudumia kutagharimu nini. Na miaka tisa ya mwanzo ya Equity, ile iliyoishia katika hasara, ifundishwe kwa kina kama tunavyofundisha miaka ya ushindi wake.