Mto Ulioachwa Bila Daraja

Somo: Waefeso 2:13–18



Leo twataka kuwachukua mbali kidogo, mpaka nchi ya Japani, katika mji uitwao Shimada, mkoa wa Shizuoka. Tulifika huko tukiwa wageni wa Wakristo wenzetu, na asubuhi moja wenyeji wetu wakatuambia, "Kabla hamjaondoka, twendeni mkaone daraja." Kusema kweli hatukuwa na hamu. Daraja ni daraja, tulifikiri, na miguu ilikuwa imechoka.

Tulipofika tulinyamaza. Daraja hilo laitwa Hōrai. Ni la mbao, nalo ni la watu waendao kwa miguu na wenye baiskeli, motokaa haziruhusiwi. Upana wake ni meta 2.4 tu, lakini urefu wake ni meta 897. Mwaka 1997 liliandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa ndilo daraja la mbao la kutembea kwa miguu lililo refu kuliko yote duniani. Tulilipa yeni 100 kila mtu, tukaanza kuvuka. Mbao za ukingoni ni za chini sana, na kati ya ubao na ubao mtu aweza kuona maji. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, alishika katikati kabisa, akikaza macho mbele kama bwana arusi aendaye madhabahuni.

Chini yetu ulipita mto Ōi, mpana, wenye changarawe nyingi na mikondo inayogawanyika na kukutana tena. Ng'ambo tuliona vilima vya chai, kijani kibichi, mistari kwa mistari, hata tukadhani tuko Limuru. Twaambiwa kwamba siku yenye anga safi mlima Fuji huonekana kutoka hapo. Siku ile mawingu yalitunyima.

Tukiwa katikati ya mto, mwenyeji wetu alitusimulia habari zake. Tangu mwaka 1603 hadi 1868 nchi ile ilitawaliwa na ukoo wa Tokugawa. Barabara kuu ya kwenda mji wao wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, ilikatwa na mto huu, lakini watawala hawakuruhusu daraja. Walitaka mto uwe boma, adui asiwafikie kwa urahisi. Ndivyo inavyosimuliwa, ingawa ukali wa maji nao ulikuwa sababu. Hata mashua za kuvusha watu zilikatazwa. Basi msafiri alibebwa mabegani na wapagazi wa mtoni, au, kama ana fedha, alikalishwa juu ya jukwaa la mbao lililochukuliwa na watu kadhaa. Bei ilifuata kina cha maji: yakifika mapajani bei moja, yakifika kifuani bei nyingine. Yakizidi hapo, mto ulifungwa. Wasafiri walikaa siku nyingi katika nyumba za wageni, wakitazama ng'ambo ambayo wangeweza kuiona kwa macho.

Kisha utawala ule ukaanguka. Samurai waliokuwa walinzi wa Tokugawa wakawa hawana bwana wala mshahara. Mwaka 1869 kundi lao moja lilipewa uwanda wa Makinohara, ng'ambo ya mto huu, ardhi iliyokuwa pori lenye shida ya maji. Watu waliofundishwa upanga tangu utoto wakashika jembe, wakapanda chai. Baadaye wapagazi wa mtoni, ambao nao walikuwa wamepoteza kazi yao, wakaja kulima uwandani. Mwaka 1876 serikali mpya ikakataza watu kuvaa upanga hadharani, lakini hawa walikuwa na majembe tayari.

Sasa fikirini, wapenzi. Wakulima hawa walikaa upande mmoja, na soko, chumvi na mchele viko upande wa pili. Kati yao ulikuwa mto ule ule. Walivuka kwa mashua ndogo, kwa hatari. Waliokuwa watumishi wa Tokugawa, watu ambao boma hilo la maji liliwekwa kwa faida yao, sasa wamefungiwa nalo. Ndipo mwaka 1879 daraja likajengwa, kwa kuwa pande zote mbili zililihitaji. Mafuriko yakalibomoa mara nyingi, nao wakalitengeneza kila mara, hata mwaka 1965 nguzo zikabadilishwa kuwa za zege. Wengine watasema basi si la mbao kamili. Hatubishani nao, tulivuka tusianguke.

Mtume Paulo awaandikia Waefeso juu ya ukuta uliowatenga watu, na jinsi Bwana alivyoubomoa kwa mwili wake mwenyewe. Tumelihubiri neno hilo mara nyingi. Lakini pale juu ya mbao, macho yetu hayakupenda kukutana, maana kila mmoja wetu alikumbuka kijito cha nyumbani.

Parishi yetu ina makanisa mawili, moja kila upande wa kijito. Tuligombana juu ya kipande cha shamba. Katika ugomvi huo mvua kubwa ilichukua magogo tuliyokuwa tukivukia, nasi hatukuyarudisha. Tulisema hatuna fedha. Fedha ya kupaka rangi ukumbi wetu ilipatikana. Ukweli ni kwamba tuliona afadhali: sasa hawatakuja kutusumbua mikutanoni. Miaka minne ikapita hivyo. Kisha mama mmoja wa ng'ambo, aliyetufundisha wengi wetu katika shule ya Jumapili, akafariki. Tulizunguka kwa njia ya gari, tukakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Watoto wake walitupa viti, wala hawakusema neno.

Hayo hatukumweleza mwenyeji wetu. Tulimwomba tu atuonyeshe mahali pa kununua chai ya Makinohara. Majani yake hupikwa kwa mvuke mara yakichumwa, kwa hiyo hubaki ya kijani, na wao huinywa bila maziwa wala sukari.

Tuliporudi nyumbani tulikunja suruali, tukavuka kijito kwa mawe, tukaenda na pakiti ile mpaka kwa wazee wa ng'ambo. Kwanza tulikwenda kwa watoto wa yule mama, tukaomba msamaha. Kisha chai ikapikwa. Wazee walionja, wakakunja uso, na mmoja akauliza kwa upole kama sisi tulisafiri hata Japani tukasahau maziwa. Tukacheka pamoja. Neno la shamba bado halijakwisha, lakini magogo mawili yamelazwa, na Jumamosi wao wanaleta la tatu.