Makanisa ya Kale ya Mji wa Zanzibar na Wajibu wa Kukumbuka





Usharika unaotimiza miaka 100 hauna budi kujiuliza utakumbuka nini. Msafiri aingiaye Mji Mkongwe wa Zanzibar akiwa na swali hilo moyoni atafundishwa na makanisa yake mawili makuu.

La kwanza ni Kanisa Kuu la Kristo, la Kianglikana, huko Mkunazini. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Ndani umo msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Nje, tangu mwaka 1998, ziko sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni. Kanisa hilo halikufukia machozi ya mahali lilipojengwa.

Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alilitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, lugha iliyokuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Zimo pia nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa hayupo. Wageni hucheka, kisha hupita. Lakini hapo pana jambo la kuhuzunisha: kosa la mafundi hao husimuliwa hata leo, bali majina yao hayatajwi.

La pili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Kikatoliki, huko Shangani, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Lilijengwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Minara yake huonekana mbali, hata baharini. Waliobeba mawe yake hawaonekani popote.

Hapa ndipo usharika huu unapopaswa kutazama nyumba yake wenyewe. Majina ya wamisionari na wachungaji yamekwisha kuandikwa. Je, akina mama waliochota maji ya kuchanganyia udongo? Vijana waliobeba mawe vichwani? Wainjilisti waliofundisha chini ya mti, kabla ya kuwapo paa? Wanaowakumbuka ni wazee wachache, nao wanapungua kila mwaka.

Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kujibu. Jiwe peke yake halijibu. Basi wazee na waulizwe sasa, na majina yaandikwe katika vitabu vya usharika, pamoja na yale yanayotia uchungu.

Bwana aubariki usharika huu katika miaka ijayo. Amina.