Unapouza vitu vya nyumbani mlangoni pako

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi wa wadi ya Pumwani

 

Mwisho wa mwezi ukifika, na hasa Januari karo zikidaiwa, kuna jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Mtu anahama, au amebanwa na shida, anatoa nje kochi, kabati, meko na sufuria, kisha anaandika kwenye kipande cha katoni: "Nahama, nauza." Mwingine anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Ndipo maswali yanapoanza. Je, kanjo watabeba vitu vyangu? Je, nahitaji leseni? Leo nataka tujibu maswali hayo kwa lugha rahisi.

Tuanze na leseni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na leseni za biashara, pamoja na kuzuia kelele na kero nyingine kwa umma. Leseni hiyo ni ya biashara. Mama anayeuza kochi alilolikalia miaka mitano kwa sababu anarudi nyumbani Busia hafanyi biashara. Anauza mali yake, mara moja, basi. Lakini anayenunua makochi Gikomba Jumatatu na kuyauza mlangoni Jumamosi, wiki baada ya wiki, huyo ni mfanyabiashara hata kama hana kibanda. Anahitaji leseni kama wenzake. Hapo ni suala la haki: hatua chache kutoka kwake kuna mtu mwenye bidhaa zilezile anayelipa ada ya soko na kodi ya kibanda.

Jambo la pili ni njia, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Usiku wa kuamkia Juni 28, 2018, moto uliwaka Gikomba, ukafika hadi kwenye nyumba za watu, na watu 15 wakapoteza maisha. Wengi wenu mlikuwepo. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Kabati moja likiwekwa katikati, mtu mzima anapita kwa ubavu, na mzee au mgonjwa hapiti kabisa. Vilevile, barabara ya General Waruinge ndiyo inayopeleka akina mama katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, saa yoyote, mchana na usiku. Moto haukungoji usogeze friji, na mtoto anayezaliwa haelewi kwamba leo kuna mauzo.

Kwa hivyo panga vitu vyako ndani ya chumba au ndani ya ua wa ploti, kwa ruhusa ya msimamizi na baada ya kuwaambia majirani. Usiweke kitu ngazini, mlangoni pa kutokea, juu ya mtaro wala barabarani. Ukiweka barabarani, askari wa kaunti ana sababu ya kukuambia uondoe, hata kama kochi ni lako halali.

Jambo la tatu: mali hii ni ya nani? Sheria ya Makosa ya Jinai, kifungu cha 322, inasema anayepokea mali ya wizi, hali anajua au ana sababu ya kuamini kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ukiona televisheni inauzwa kwa bei ya sufuria, na muuzaji anataka mmalizane gizani upesi, hiyo tayari ni sababu ya kushuku. Umaskini hautakuwa utetezi mbele ya hakimu.

Kinga yake ni karatasi moja. Andikeni jina la muuzaji na la mnunuzi, nambari za simu, tarehe, kitu kilichouzwa, nambari yake ya kiwandani kama ipo, na bei. Wote wawili mtie sahihi, na jirani mmoja ashuhudie. Ukilipa kwa M-Pesa, usiufute ujumbe. Kama muuzaji bado ana risiti ya dukani, akupe. Karatasi hiyo humlinda pia muuzaji, siku mnunuzi akirudi kusema hakulipia kitu kizima bali kibovu.

Jambo la nne huwaumiza wengi kimyakimya. Mpangaji amechelewesha kodi, akirudi jioni anakuta vyombo vyake vinauzwa langoni na mwenye nyumba. Hayo si mauzo halali. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yake, na Sheria ya Kukamata Mali kwa ajili ya Kodi ya Nyumba inampa njia. Lakini anayefanya kazi hiyo ni dalali mwenye leseni, chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, kwa utaratibu unaompa mpangaji notisi na nafasi ya kulipa. Mwenye nyumba hawezi kujigeuza dalali. Nawe jirani, kabla ya kukimbilia godoro la bei rahisi, jiulize mwenyewe yuko wapi.

Mengine ni ya ujirani mwema. Spika usiifungulie mtaa mzima, kwani kuna kanuni za kitaifa za kelele za 2009, na kuna mgonjwa chumba cha pili. Mtungi wa gesi uliouzwa mtupu ukajazwe kwa muuzaji aliyeidhinishwa, si uchochoroni. Vitu visivyonunuliwa usiviache kwenye mtaro. Mvua ikinyesha, godoro lako litapeleka maji chumbani kwa mwenzako.

Mwisho, kuhusu askari wa kaunti. Akikujia, mwombe kitambulisho cha kazi na akueleze kosa ni lipi. Kama ni njia umeziba, ifungue mara moja. Kama kuna ada au faini, hulipwa kupitia mfumo wa malipo wa kaunti, kwa simu au benki, na unapata risiti. Hakuna malipo ya kutiwa mkononi. Anayekutaka hivyo, chukua jina lake na uliripoti katika ofisi ya wadi.

Uza chako, uza ndani, uza kwa karatasi. Ukifanya hivyo, huna sababu ya kutimua mbio ukisikia "kanjo!"

 Sasa nakaribisha maswali.