Bundi Katika Dari ya Kanisa

Leo tunataka kumzungumzia ndege ambaye wengi wetu tukimsikia juu ya paa hufunga madirisha. Ni bundi, hasa yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, apendaye kukaa katika maghala, magofu na dari za makanisa. Sehemu nyingi za Kenya husemwa kwamba akilia karibu na nyumba, mtu atakufa. Basi hupigwa mawe. Na wanaorusha mawe hayo si wasioamini peke yao. Ni sisi tuliobatizwa.

Hebu tumtazame. Urefu wake ni kama sentimita 35. Manyoya ya mabawa yake ni laini hata hupita juu ya kichwa chako usisikie kitu. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo hutambua panya alipo hata katika giza totoro. Humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa vikiwa donge moja. Livunje donge hilo uhesabu mafuvu: hao ndio waliokuwa wakila mahindi yako.

Jike hutaga mayai 4 hadi 7, wala hangoji yatimie. Huanza kulalia lile la kwanza. Baada ya siku kama 30 huanguliwa, moja leo, jingine baada ya siku mbili au tatu, hata kinda wa kwanza huwa mkubwa na wa mwisho bado mchanga. Mkubwa akishiba, pengine humpa mdogo wake chakula. (Tungependa kuishia hapo, lakini njaa ikizidi, wadogo hufa.) Ile sauti ya kukoroma inayotutisha usiku mara nyingi ni makinda wakiomba chakula.

Na anayewaletea ni nani? Jike akiwa bado amelalia, ni dume peke yake. Jiwe likimpata huyo, nyumba nzima hulala njaa.

Mtunga Zaburi ya 102, katika dhiki yake, alijifananisha na bundi, hakumwogopa. Siku zetu zimo mkononi mwa Mungu, hakuziweka katika koo la ndege.

Baraza la kanisa likilalamikia uchafu darini, lingoje kidogo. Baada ya majuma 8 hivi makinda huruka, ndipo dari ifagiliwe. Wala msitie sumu ya panya, maana bundi akila panya mwenye sumu, hufa naye.