Gabioni: Mawe Hupangwa, Hayamwagwi

Mvua ya masika ikishuka kwenye miteremko ya majani chai ya Sotik, udongo huishia Mto Kipsonoi. Gabioni, kile kikapu cha waya kinachojazwa mawe, huuzuia udongo huo huku kikipitisha maji.

Chimba msingi hadi udongo mgumu, usawazishe. Kunjua kikapu, simamisha pande, shona kingo kwa waya usioshika kutu. Unganisha vikapu jirani kabla ya kujaza.

Chagua mawe magumu, makubwa kuliko matundu ya waya. Yapange kwa mkono, hasa upande wa mbele. Kila kimo cha sentimita 30, funga waya kutoka mbele hadi nyuma, kikapu kisitoe kitambi. Kikijaa, shona kifuniko. Ukuta wa gabioni ukizidi kimo cha mita 1, mwite mhandisi kwanza.