Mjusi wa Kimboza ni Dhamana Yetu



Nimekuja kuzungumza habari za mjusi. Naona vijana kule nyuma wanacheka. Wacheke tu, tutaelewana.

Msitu wetu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, hauzidi sana kilomita nne za mraba. Humo, kwenye miti ya mikadi, anaishi mjusi wa urefu wa kidole. Dume ni wa buluu inayong'aa. Jike ana ukijani uliochanganyika na rangi ya shaba. Hujibanza kwenye makwapa ya majani, maji ya mvua yanapotuama. Kwa kawaida mkadi mmoja una dume mkubwa mmoja na majike yake, kwa hiyo ukiukata umevunja mji mzima. Ukitoka Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani, kama Ruvu, humpati tena porini popote duniani.

Sasa tuambiane ukweli. Kati ya 2004 na 2009, kundi moja tu la wakamataji linakadiriwa kutoa humu mijusi zaidi ya 32,000, wakafugwe kwenye vioo ng'ambo. Mikadi ilikatwa ili kuwafikia walio juu. Aliyeshika panga aliambulia hela ya sukari. Faida ilipanda ndege. Najiuliza: mtu anakataje miti ya hifadhi miaka yote hiyo, na asiwepo hata mmoja aliyesikia panga? Tulisikia. Kila mmoja alidhani msitu una mwenyewe, na huyo mwenyewe si yeye.

Mwaka 2012 mjusi huyu alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hawa wa porini imepigwa marufuku. Sheria hizo ni nzuri, lakini haziwezi kuzima moto uliowashwa na jirani yako anayesafisha shamba, ukaingia msituni.

Naiomba serikali ya kijiji: hali ya msitu isomwe kwenye mkutano mkuu, sambamba na mapato na matumizi. Nanyi, mkimwona mtu anaingia Kimboza na panga na mfuko, mtajeni kwa ofisa misitu, hata akiwa shemeji yenu.